Mkungu wa Ndizi, Milango Miwili na Simu Moja: Uchambuzi wa Kampeni ya Saratani ya Tezi Dume katika Kata Moja ya Moshi

Kabla ya kuanza

Kisa hiki kilitokea kwenye kata moja ya mlimani, juu ya mji wa Moshi. Jina la kata, la kanisa, la zahanati na la hospitali nimeyaondoa, na umri na kazi za baadhi ya watu nimezibadilisha kidogo ili wasitambulike. Wazee wawili wenye sehemu kubwa katika kisa hiki wamekubali kiandikwe. Mmoja alitaka asomewe kwanza. Nilimsomea, akasahihisha mahali pawili.

Mimi ni muuguzi, na ndiye niliyeratibu kazi yote. Kosa kubwa lililomo humu ni langu.

Usuli: "alisumbuliwa na mgongo"

Mtu anayehudhuria misiba huku kwetu ana sentensi anayoijua kwa moyo kutoka kwenye wasifu wa marehemu: "Baba yetu alianza kusumbuliwa na mgongo, akapelekwa hospitali mbalimbali, lakini hali yake iliendelea kubadilika." Kuna mwaka tulizika wazee watatu wa kitongoji kimoja, na wasifu zote tatu zilikuwa na huo mgongo ndani yake. Wawili kati yao nilikuwa nawahudumia. Mgongo ulikuwa dalili tu. Saratani ya tezi dume ikishatoka nje ya tezi hukimbilia mifupa, hasa uti wa mgongo na nyonga, na hapo ndipo mzee anapoanza kulalamika kwamba jembe limemshinda.

Familia ziliambiwa ukweli. Lakini neno "tezi dume" utalisomaje makaburini mbele ya wakwe na wajukuu? Kwa hiyo halikusomwa. Vijana waliobeba jeneza walirudi mjini wakijua kwamba baba mkubwa alikufa kwa mgongo, na kwamba dawa ya mgongo ni kuchua.

Ugonjwa wenyewe si wa wachache. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, mwaka 2022 duniani kulikuwa na wagonjwa wapya karibu milioni 1.5 na vifo karibu 397,000. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo saratani hii inaongoza kwa wanaume. Kwenye kata yetu, kabla ya kampeni, sikuwahi kukutana na mzee hata mmoja aliyekuja zahanati kwa hiari yake na kusema, "Nataka nipimwe tezi dume." Waliokuja walikuja mkojo ukiwa umeziba, wameshikwa kwapani na watoto wao, ili wawekewe mpira wa mkojo.

Jaribio la kwanza: turubai uwanjani

Tulichagua Jumapili moja ya Septemba, baada ya ibada. Kwa wakati ule hoja zilionekana nzuri. Wanaume wote wapo sehemu moja, mchungaji ameridhia kutangaza, uwanja ni wa bure, na daktari kijana kutoka mjini amekubali kuja na vifaa vyake. Tukafunga turubai la kijani pembeni mwa uwanja wa kanisa.

Bango lilitengenezwa steshenari mjini. Kijana wa kompyuta, kwa kutaka kutupendezesha, alitafuta picha mtandaoni na kuibandika katikati: mkono umevaa glovu, kidole kimoja kimesimama, kile ambacho daktari hupimia tezi kupitia njia ya haja kubwa. Niliiona kabla ya kuchapwa. Nikasema haina shida.

Sasa, mtu wa Moshi anajua kinachotokea uwanja wa kanisa baada ya ibada: mnada. Wasio na fedha taslimu wametoa kuku, mayai, maziwa, kabichi, na vyote vinanadiwa pale pale nje, usharika mzima ukiwa umezunguka. Turubai letu lilikuwa hatua ishirini kutoka kwa dalali. Daktari alishika kipaza sauti akaeleza vizuri kabisa dalili zote, kisha akamaliza kwa kuwatoa watu hofu: "Wazee wangu, msiogope, ni kidole tu, hata dakika haifiki." Dalali, ambaye kazi yake ni kuchekesha watu watoe hela, aliinua kidole chake juu: "Kidole elfu mbili! Elfu mbili mia tano nani anaongeza?"

Kina mama walificha nyuso kwenye vitenge. Wanaume walicheka zaidi ya wote, na ukiwaona wanaume wazima wanacheka namna ile, ujue hakuna atakayeingia turubai.

Waliingia tisa. Sita walikuwa wazee wa kanisa wenye miaka 75 na kuendelea, walioombwa na mchungaji watangulie ili wengine wafuate. Mmoja alitaka kupimwa presha.

Yupo wa kumi, ambaye hakuingia. Alikuwa amenunua mkungu wa ndizi mnadani, akauegemeza kwenye nguzo ya turubai letu, akasimama hapo kama anayepumzika. Alikaa muda mrefu, dakika arobaini hivi. Nikamwendea. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Akatazama mnada, akatazama turubai, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Hivi humo ndani, mtu akishaingia anatokea mlango gani?" Nikamjibu, "Huu huu, baba." Akaitikia kwa kichwa, akabeba mkungu wake begani, akaondoka. Nitamwita Mzee wa Ndizi. Jina hilo amelikubali mwenyewe.

Tulichoenda kusikia

Kwenye kikao cha tathmini tulisema kwa kauli moja kwamba wanaume wanaogopa kidole. Ndivyo inavyosemwa kila mahali. Mimi swali la mlango lilikuwa bado linanikera, nikaomba tusiandike ripoti kwanza. Karani mstaafu wa chama cha msingi cha kahawa akakubali kwenda kukaa vilabuni kwa wiki kadhaa, bila daftari, anywe mbege yake, pombe yetu ya ndizi, na kusikiliza. Mimi nilikwenda kwenye kikundi cha akina mama.

Karani alirudi na habari iliyotushangaza. Kidole kilitajwa kila mahali, kikachekwa, kikaisha. Kopo la pili likishafika ndipo maneno mengine yalipoanza. "Nikishaambiwa ninayo, halafu? Dar es Salaam nitalala kwa nani?" Mwingine: "Watasema tibiwa kwa milioni kadhaa, na kihamba hakiuzwi," yaani shamba la ukoo. Mwingine aliamini ni ugonjwa wa waliotembea sana ujanani, kwa hiyo kupimwa ni kujitangaza. Na wengi walikuwa wamesikia kwamba tiba yake ni kuhasiwa.

Hofu ya kwanza ilikuwa na jibu, ila hakuna aliyewapa. Wazee waliamini kila mgonjwa wa saratani lazima apelekwe Ocean Road, Dar es Salaam. Ni kweli mionzi iliwapeleka watu wengi huko, au Bugando, Mwanza. Lakini hapa hapa Moshi, hospitali ya KCMC ina kituo cha saratani tangu mwaka 2016, na wataalamu wa mfumo wa mkojo wapo toka zamani zaidi. Uchunguzi, upasuaji na dawa za homoni havihitaji basi la usiku. Sisi tulitumia siku nzima kueleza dalili, na hatukutumia hata dakika tano kueleza njia ya kutoka zahanati hadi kwenye tiba.

Kwa akina mama nilijifunza jingine. Wao ndio wanaojua nani anaamka mara ngapi usiku. Mmoja alisema, "Wangu anaamka mara tano. Nikimuuliza, anasema anakwenda kumwangalia ng'ombe." Tulicheka mpaka machozi. Kisha nikalazimika kuwaambia jambo lililonifanya nione aibu juu ya bango letu.

Tezi dume ni ndogo, kama ndimu hivi, inakaa chini ya kibofu, na njia ya mkojo inapita katikati yake. Ikitanuka kwa uzee, ambako ndiko kunakomwamsha mzee kwenda kwa ng'ombe, mara nyingi inatanuka sehemu ya ndani na kuibana ile njia. Huo si saratani. Saratani mara nyingi huanzia sehemu ya nje, upande wa nyuma unaopakana na njia ya haja kubwa. Ndiyo maana kidole kinaweza kuifikia, na ndiyo maana mwanzoni haimsumbui mtu chochote. Anakojoa vizuri, analala usingizi, na saratani inakua. Bango letu lilisema, "Ukiona dalili hizi, wahi." Yaani tulimwambia mwanaume mwenye afya wa miaka 55 kwamba halimhusu.

Jaribio la pili: Desemba, kwenye ghala la kahawa

Desemba tuliichagua kwa sababu kila Mchaga anaijua. Wiki ya Krismasi wana wa kata wanarudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko, magari yanapanga foleni hadi kwenye migomba, na mambo ya ukoo yanazungumzwa. Kundi lao la WhatsApp lilichanga fedha za vipimo, na mchango ulipita tulichoomba.

Mahali tukahamia ofisi ya chama cha msingi, kwenye ghala la kupimia kahawa. Mwanaume kuonekana pale hakumshangazi mtu. Na ghala lina milango miwili: wa mbele barabarani, wa nyuma unaotokea kwenye migomba. Sikuitangaza milango hiyo. Niliifungua tu yote miwili.

Tangazo likawa la "afya ya baba": presha, sukari, na kwa anayetaka, damu ya tezi dume. Foleni moja, kadi moja, hakuna wa kujua jirani yake amechukuliwa nini. Na badala ya dalili tukatangaza umri: miaka 50, au 45 kama baba yako au kaka yako aliwahi kuugua, kwa sababu hatari kwa ndugu wa damu huongezeka takriban mara mbili.

Kidole tulikiondoa siku ile. Uamuzi huu ulileta ubishi na bado unaweza kubishaniwa. Zipo saratani ambazo hazipandishi PSA, ile protini ya tezi inayopimwa kwenye damu, na kipimo cha damu peke yake kitazipita. Daktari wetu alitaka vyote viwili. Mimi na karani tukasema damu kwanza, kidole kifanyike hospitali kwa atakayehitaji. Tulijua tutakosa wachache ili tuwapate wengi. Tulikataa pia vile vipimo vya haraka vya kijistari, kwa kuwa vinasema ndiyo au hapana tu kwenye kiwango cha PSA cha 4, na mtu mwenye 4.5 si sawa na mwenye 90. Damu ilichukuliwa mkononi, ikapelekwa maabara mjini kwenye kasha la barafu.

Kila mmoja aliambiwa kabla ya sindano kwamba PSA ni protini inayotoka kwenye tezi, si kipimo cha saratani. Inapanda kwa uzee, kwa maambukizi ya njia ya mkojo, kwa kuwekwa mpira, hata kwa kukutana na mkeo siku moja kabla. Kipengele hiki cha mwisho daktari alikieleza peke yake, mimi nikiwa nimetoka nje. Kuna mambo ambayo muuguzi wa kike mwenye umri wa binti yao haambii wazee, hata kama anayajua.

Lakini kilichobeba siku ile ni mwalimu mstaafu, aliyetibiwa saratani hii miaka sita nyuma. Alikaa juu ya gunia, si kwenye kiti, akazungumza Kichaga karibu muda wote. Alieleza alikwenda kliniki ipi, alisubiri siku ngapi, bima ililipa nini na nini alilipa mfukoni. Kisha akasema kwa Kiswahili, labda ili vijana wa mjini wasikose: "Mnataka kujua kama bado ni mwanaume. Muulizeni mke wangu, ila msimuulize mbele yangu." Nilimwona Mzee wa Ndizi akicheka, mkono kwenye shavu. Alipima. Alitokea mlango wa nyuma.

Tulipima wanaume 74.

Majibu, na simu niliyopiga

Kumi na watatu walikuwa juu ya 4. Watatu kati yao walikuwa na maambukizi, wakatibiwa na kurudiwa baada ya wiki kama saba, na wawili wakashuka kuwa kawaida. Walibaki kumi na mmoja wa kupewa rufaa. Mzee wa Ndizi alikuwa na 112.

Mpango wa majibu tuliuandika mstari mmoja: "Wahusika watapigiwa simu." Hakuna aliyeuliza simu ya nani.

Januari, siku ya kazi nyingi, nilikaa na orodha na kuanza kupiga. Namba ya Mzee wa Ndizi ilipokelewa na sauti ya mwanamke. Nikauliza kama hapo ni kwa mzee fulani. Akasema ndiyo, ametoka kidogo, yeye ni wa hapo hapo nyumbani, niseme tu. Nilidhani ni mkewe. Nikasema majibu ya tezi dume yametoka, hayako vizuri, mzee aje haraka na asiache kwenda hospitali.

Hakuwa mkewe. Mkewe alifariki zamani. Alikuwa mkaza mwana wake.

Asiyetoka kwenye mila zetu anaweza kuona ni jambo dogo. Baba mkwe na mkaza mwana wana mipaka ambayo haivukwi hata kwa utani. Hakai kitandani kwake, hamtaji kwa jina lake. Sasa huyu mama ndiye aliyepaswa kumwendea mzee na kumwambia habari za sehemu zake za siri. Hakuweza. Alimwambia mumewe aliyekuwa Dar es Salaam, mume akampigia baba yake usiku, na mzee akajua kwa mpigo mmoja kwamba anaumwa na kwamba nyumba nzima inajua anaumwa wapi.

Hakwenda hospitali. Januari ikapita, Februari, Machi. Tukimtuma mhudumu wa afya ngazi ya jamii, anaambiwa mzee yuko shambani. Nilikwenda mwenyewe mara mbili, na mara ya pili nilimwona kwa mbali akiingia kwenye migomba.

Jani la isale

Mwalimu ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia, "Wewe unampelekea rufaa. Yeye anakudai radhi." Tukaenda naye Aprili, pamoja na mzee mmoja wa kanisa. Njiani mwalimu alisimama kwenye mpaka wa kihamba, akachuma jani la isale, akanipa nilishike. Wasomaji wa huku hawahitaji kuelezwa. Kwa wengine: anayekuja na jani hilo anaomba msamaha, na si rahisi kumfukuza.

Mzee alitupokea barazani. Mwalimu alisema yaliyosemwa kwa Kichaga, mimi nikasema yangu kwa Kiswahili: kwamba nilitangaza siri yake kwa mtu nisiyemjua kwa sababu nilikuwa na haraka. Alilitazama jani, akalichukua, akaliweka kwenye dirisha nyuma yake. Ikapita kimya kirefu. Kisha akauliza jambo moja tu: "Na huyu mama wa watu, mlikwenda kwake?" Tulikuwa hatujaenda. Mkaza mwana alikuwa amebeba lawama ya kuipokea simu miezi yote ile. Tukaenda jikoni, nikamwomba radhi naye, akalia.

Wiki iliyofuata mzee alifika hospitali. Mwanawe alipanda ndege, wakaingia pamoja.

Hospitali na matokeo

Kinyama kilichochukuliwa kwenye tezi ili kipimwe kilionyesha saratani kali, na picha zilionyesha imeshafika kwenye mifupa ya nyonga. Kuondoa tezi kusingesaidia tena. Tiba ya hatua hiyo ni kuinyima saratani homoni ya kiume inayoilisha, na njia ni mbili kuu: sindano, mara nyingi kila mwezi au kila miezi mitatu, kwa muda usiojulikana, au upasuaji mdogo wa mara moja wa kuondoa korodani. Sindano siku za mwanzo hupandisha homoni kabla ya kuishusha, kwa hiyo hutanguliwa na vidonge. Upasuaji hushusha homoni ndani ya saa chache.

Mzee aliuliza kama ni jambo la majaribio. Daktari akamjibu kwamba Charles Huggins wa Chicago alionyesha mwaka 1941 kuwa njia hii inaituliza saratani ya tezi dume, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. "Basi ni ya zamani kuliko mimi," mzee akasema. Hilo lilimsaidia zaidi ya vipeperushi vyetu vyote.

Mwanawe alitaka sindano, akasema atalipa. Mzee aliomba siku tatu, akakaa na mwalimu, akachagua upasuaji. Sababu aliyonipa: "Mwanangu analipa leo. Mwaka wa nne atalipa huku ananuna." Mpaka naandika anatembea kwa bakora, PSA imeshuka chini sana, na anapata joto la ghafla usiku, ambalo ni la kawaida kwa tiba hii. Analisema kwa kulalamika, na ana haki.

Kati ya wale kumi na mmoja, sita walifika hospitali ndani ya miezi miwili bila kusukumwa. Wanne walichukuliwa kinyama, watatu wakakutwa na saratani. Mmoja ana ile ya daraja la chini, naye anafuatiliwa tu bila kutibiwa. Kumweleza mkewe kwamba daktari ameona saratani na ameiacha ilikuwa kazi ya mchana mzima. Wengine wanne, ukimtoa Mzee wa Ndizi, hatujawapata hadi leo.

Uchambuzi

Niseme kwanza jambo ambalo wenzangu wanapenda nilifunike. Je, ile miezi minne iliyopotea ilimgharimu mzee? Pengine si sana. Mwenye PSA inayozidi 100 mara nyingi saratani imeshasambaa, na yake huenda ilikuwa kwenye mifupa tangu Desemba. Lakini sikulijua hilo nilipopiga simu, na angeweza kuwa mtu mwenye 12, ambaye miezi hiyo ingemhesabia. Hao wanne tusiowapata wana namba za chini kuliko yake. Ndio wanaoninyima usingizi.

Kilichofanya kazi Desemba kuliko kingine chochote, kwa maoni yangu, ni mwalimu, na hasa kwamba alieleza gharama na siku. Ushuhuda wa "nilipona, Mungu ni mwema" tumeusikia kanisani mara nyingi na haumpeleki mtu kliniki. Aliyesema alipanda daladala ipi na alilala wodini siku ngapi aliwapa watu ramani. Milango miwili ilisaidia, foleni moja ilisaidia. Kuondoa kidole sina hakika kulisaidia kiasi gani. Nashuku tungekiacha bado tungepata watu zaidi ya arobaini, maana kicheko cha uwanjani kilikuwa kifuniko cha hofu nyingine.

Tulichokosea zaidi baada ya simu ni umri. Kati ya 74, watu 41 walikuwa wamepita miaka 70, na chini ya 55 walikuwa tisa tu. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliofuatilia wanaume wa miaka 55 hadi 69 ulionyesha kwamba kupima PSA kunapunguza vifo vya saratani hii kwa takriban asilimia 20, ila pia kunagundua saratani nyingi ambazo zisingemsumbua mtu maishani. Wataalamu wa kinga wa Marekani mwaka 2018 walishauri waliofikisha 70 wasipimwe kwa utaratibu wa jumla. Sisi tulifanya kinyume: tuliwapima babu, huku wana wao wa miaka 48 na 52, waliolipia vipimo, wamesimama nje wakiegemea magari na kupiga picha. Niliwapita na trei mkononi zaidi ya mara kumi siku ile. Sikumwambia hata mmoja, "Na wewe, kaka?" Kwa heshima ya huku kwetu baba anatangulia, na mwana hajioni kuwa mzee wakati baba yake yupo. Hilo tulipaswa kulifikiria kabla.

Kuhusu simu sina utetezi. Kata nzima ina nyumba ambazo simu moja ya kitochi inahudumia watu watano. Jibu la aina hii linatolewa uso kwa uso, kwa mtu aliyechaguliwa na mpimwaji mwenyewe. Sasa kadi yetu ina swali linalojazwa kabla ya sindano: "Jibu likitoka, apewe nani, wapi?" Wengi huandika "mimi mwenyewe, zahanati". Wachache huandika jina la mke. Mmoja aliandika jina la mwenye kilabu.

Desemba iliyofuata

Tulirudi ghalani. Mwalimu alikuwa mgonjwa wa mafua, kwa hiyo gunia lilibaki bila mtu hadi saa nne, Mzee wa Ndizi alipofika na wanawe wawili. Hakuombwa, alikaa tu. Aliongea kidogo, zaidi kuhusu ule mlango.

Kisha akaniita. "Huyu mkubwa ana 47, aingie. Mdogo ana 44, mlisema 45. Nimemleta aone mlango wa kutokea uko wapi."